Je, wajua kwa nini pambano la nafasi ya saba linaweza kuzidi fainali?

Fikiria Jumapili ya mwanzo wa Machi, siku ya pili ya mashindano ya mieleka ya Big Ten, ligi ya vyuo vikuu vya Marekani yenye miamba kama Penn State, Iowa, Ohio State na Michigan. Kwenye mkeka mmoja vijana wawili wanagombea nafasi ya saba. Ya saba tu! Lakini kocha amepiga magoti pembeni, anapaza sauti mpaka mishipa ya shingo imemtoka. Ndugu na jamaa wamesimama, hakuna anayekumbuka kiti chake kiko wapi. Muda ukiisha, mshindi anamrukia kocha wake kifuani. Baadaye, kwenye fainali ya uzito huohuo, aliyeshindwa anampa mwenzake mkono, anavaa koti na kuondoka zake kwa utulivu.

Kwa nini wa saba afurahi kuliko anavyosikitika wa pili? Jibu liko kwenye hesabu ambayo mashabiki wa mchezo huu huijua kwa kichwa, na ukishaijua hutaangalia mashindano haya kwa jicho la awali tena.

Kwanza tuelewane: hii si mieleka ya televisheni yenye matokeo yaliyopangwa. Ni mchezo wa kweli, wa dakika saba: kipindi cha kwanza dakika tatu, viwili vinavyofuata dakika mbili mbili. Kumwangusha mpinzani na kumdhibiti kunakupa pointi 3 (zilikuwa 2 hadi msimu wa 2023-24 ulipoanza na kanuni mpya). Aliye chini akichomoka anapata 1, akipindua akawa yeye juu anapata 2. Ukimbandika mabega yote mawili kwenye mkeka, pambano limekwisha hapohapo. Uzito uko wa aina kumi, kuanzia pauni 125, karibu kilo 57, hadi pauni 285, kilo 129 hivi. Kila chuo hupeleka mtu mmoja kwa kila uzito.

Safari yote ya msimu inaelekea kwenye mashindano ya taifa ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, daraja la kwanza, yanayofanyika wiki kama mbili baada ya yale ya ligi. Huko huingia watu 33 kwa kila uzito, jumla 330 kwa nchi nzima. Hakuna anayefika huko bila kupitia mashindano ya ligi yake. Hapo ndipo penye utamu.

Kabla mashindano ya ligi hayajaanza, NCAA hutangaza kila ligi imepata nafasi ngapi za moja kwa moja katika kila uzito. Nafasi hizo hazigawanywi sawasawa. Zinatokana na walichofanya wanamieleka wenyewe msimu huo, kwa vigezo vitatu: ashinde angalau asilimia 70 ya mapambano yake dhidi ya wapinzani wa daraja la kwanza, awe ndani ya 30 bora kwenye orodha ya makocha, na awe ndani ya 30 bora kwenye hesabu ya kompyuta inayopima ugumu wa wapinzani wake. Anayetimiza viwili kati ya vitatu anaichumia ligi yake nafasi moja. Ligi ambayo haina hata mmoja aliyetimiza hupewa nafasi moja, ya bingwa wake.

Mpenzi wa soka wa Tanzania ataelewa haraka. CAF inaipa nchi yetu nafasi nne za klabu kwa sababu ya yale ambayo Simba na Yanga wamefanya huko nyuma, lakini nani atazijaza msimu ujao huamuliwa na matokeo ya nyumbani. Vivyo hivyo nafasi za mieleka ni mali ya ligi. Kijana anaweza kuichuma nafasi kwa jasho la miezi minne, akateleza mwisho wa juma mmoja, na nafasi aliyoichuma yeye akaondoka nayo mwenzake ambaye msimu mzima hakuonekana. Kwangu mimi hiki ndicho kitu kikatili kuliko vyote katika mchezo huu, na ndicho kinachoufanya uwe na mvuto.

Kwa hiyo shabiki aliyekomaa hafungui ratiba akiuliza nani bingwa. Anauliza: uzito huu una nafasi ngapi? Nambari hiyo ndiyo mstari, na mstari ndio unaoamua pambano lipi litakuwa moto.

Tuchukue Big Ten. Ina vyuo 18 sasa, lakini UCLA, USC, Oregon na Washington, walioingia 2024, hawana timu za mieleka, hivyo kila uzito unabaki na watu 14. Ukishindwa mara ya kwanza hutolewi. Unashukia upande wa pili wa ratiba, wa waliopoteza, na huko unaweza kupanda hadi nafasi ya tatu. Ukishindwa mara ya pili ndipo hesabu inapoanza kuuma.

Sasa weka mstari kwenye nafasi ya nane. Walioshindwa robo fainali wanashuka na kukutana na walioshinda pambano la kwanza la upande wa pili. Mapambano manne. Kila anayeshinda ameshaingia nane bora, na kwa kuwa nafasi ni nane, tayari ameshafuzu kwenda taifa. Anayepoteza yuko nje. Damu inamwagika hapo, Jumamosi, mara nyingi kwenye mkeka wa pembeni ambao wengi hawauangalii. Kesho yake pambano la nafasi ya saba la uzito huo halina presha kubwa, maana wote wawili wameshakata tiketi.

Sogeza mstari hadi saba. Sasa pambano lilelile la nafasi ya saba limegeuka kuwa roho ya mashindano: mshindi anafunga mabegi kwenda taifa, mshindwa anakwenda kusubiri simu ya kamati ya NCAA. Ndiyo maana yule kijana alimrukia kocha wake. Sogeza hadi tisa, na wale wanne waliotolewa Jumamosi wanarudi kupigania nafasi ya tisa, ambayo katika uzito mwingine isingekuwa na maana yoyote. Sogeza hadi tano, na pambano la tano kwa sita linakuwa la kufa na kupona. Mkeka ni uleule, kanuni ni zilezile, ila nambari moja iliyotangazwa kabla imehamisha moyo wa mashindano kutoka kona moja hadi nyingine.

Hesabu hiyohiyo inaeleza jambo linalowaudhi wageni: kwa nini mtu mashuhuri anapoteza nusu fainali, kisha unasikia amejitoa kwa sababu za kiafya? Aliyefika nusu fainali hawezi kushuka chini ya nafasi ya sita. Kama uzito una nafasi saba au nane, ameshafuzu. Kocha mwenye busara akiona goti limeanza kuvimba hamrudishi mkekani kugombea nafasi ya tano.

Turudi kwenye pambano la nafasi ya saba, tulitazame kwa karibu. Wanamieleka hufunga utepe kifundoni, mmoja mwekundu, mwingine wa kijani. Kipindi cha tatu, wa kijani anaongoza 4 kwa 3, lakini yuko chini, na mwekundu amemng'ang'ania mgongoni. Zimebaki sekunde 20. Mgeni anaangalia ubao wa pointi na kudhani wa kijani amemaliza kazi. Shabiki wa zamani anaangalia saa nyingine ndogo, ile inayopima muda ambao mmoja amemdhibiti mwenzake zaidi ya alivyodhibitiwa. Inasoma sekunde 43 kwa faida ya mwekundu. Ikifika dakika moja na pambano likaisha hivyo, mwekundu anaongezewa pointi 1: 4 kwa 4, muda wa nyongeza, ambako wa kwanza kumwangusha mwenzake ndiye mshindi. Piga hesabu: 43 na 20 ni 63. Ziada ni sekunde tatu tu. Wa kijani akichomoka sasa hivi, inakuwa 5 kwa 3 na tiketi ni yake. Mwekundu akijifanya kushika mguu tu bila kujaribu kumgeuza, refa anaweza kumwonya kwa kuzubaisha mchezo. Upande mmoja wa jukwaa unaomba saa iende, upande mwingine unaomba isimame, na wote wanatazama tarakimu zilezile.

Katika ligi ndogo mambo ni makali kwa namna nyingine. Kwenye SoCon, yenye vyuo vya kusini-mashariki kama Appalachian State na Campbell, uzito unaweza kuwa na nafasi moja tu. Hapo hakuna wa pili bora. Fainali ndiyo kila kitu, na anayetangulia kwa rekodi akishindwa siku hiyo, kamati ya NCAA inabaki na mzigo: je, imwokoe?

Maana nafasi za moja kwa moja hazifikishi 330. Zilizosalia hugawiwa na kamati kwa kuangalia ushindi dhidi ya watu wazito, mapambano ya ana kwa ana na matokeo ya kwenye ligi. Kwa hiyo bingwa wa ghafla huko SoCon anaweza kumnyima usingizi mtu aliyeshika nafasi ya nane kule Big Ten. Kama mshindwa wa fainali hiyo ana rekodi nzuri, sasa wote wawili wako kwenye foleni moja. Hii ndiyo sababu shabiki wa Iowa au Nebraska utamkuta amefungua ratiba za ligi nyingine, Big 12 kule Tulsa, ACC, MAC na EIWA, iliyoanzishwa 1905, kwa wakati mmoja. Ndugu wa EIWA wamepungua pia: vyuo vya Ivy League vilijitenga na kufanya mashindano yao ya kwanza Machi 2025, na Cornell wakayabeba. Kila mabadiliko ya namna hii yanahamisha nafasi, na shabiki makini huanza hesabu upya.

Kamati ikitumia akili, huokoa mengi. Mwaka 2024 Carter Starocci wa Penn State, bingwa wa taifa mara tatu wakati huo, aliumia goti kuelekea mwisho wa msimu. Kwenye Big Ten alijitoa bila kupigana pambano kamili hata moja, kwa hiyo hakuwa na nafasi ya moja kwa moja. Kamati ikamwingiza, ikampanga namba 9. Siku chache baadaye, kwenye mashindano ya taifa huko Kansas City, akiwa na goti lile lile, alishinda hadi fainali na kutwaa ubingwa wa nne. Mwaka uliofuata akachukua wa tano, jambo ambalo hakuna mwingine aliyewahi kulifanya daraja la kwanza. Nashikilia kwamba uamuzi ule wa kamati ulikuwa sahihi kabisa, ingawa naelewa uchungu wa aliyeachwa nje kwa sababu yake.

Juu ya yote hayo kuna mbio za timu. Kila hatua unayosonga inaipa timu yako pointi, na namna ya kushinda inaongeza: kumbandika mtu mabega ni pointi 2 za ziada, kumzidi kwa pointi 15 ni moja na nusu. Hata kijana anayepanda upande wa waliopoteza anachangia. Iowa walijenga ufalme wao hivyo: mataji 25 mfululizo ya Big Ten, kuanzia 1974 hadi 1998, mengi yakiwa chini ya kocha Dan Gable, bingwa wa Olimpiki wa Munich 1972 ambaye hakuruhusu hata pointi moja katika michezo ile. Siku hizi ufalme uko Penn State kwa kocha Cael Sanderson, aliyemaliza chuo akiwa Iowa State bila kupoteza pambano hata moja kati ya 159.

Anayetaka kufuatilia kutoka Afrika Mashariki ajipange na saa. Kikao kinachoanza saa nne asubuhi Chicago ni saa moja usiku Dar es Salaam na Nairobi. Ila tahadhari: Wamarekani husogeza saa zao mbele Jumapili ya pili ya Machi, na mara nyingine inaangukia katikati ya mashindano. Ilitokea 2025, Big Ten ilipofanyika Evanston tarehe 8 na 9 Machi. Jumamosi saa moja usiku, Jumapili saa kumi na mbili jioni, na mapambano ya asubuhi ya wale wa nafasi ya saba yameshakwenda kama ulilala ukihesabu saa za jana.

Chukua karatasi, andika uzito wote kumi, na mbele ya kila mmoja idadi ya nafasi za ligi unayoifuata. Kisha tafuta kwenye ratiba mahali ambapo mstari unapita, na uwe pale. Mashindano yakiisha Jumapili, kamati hutaja majina yake siku chache baadaye, kisha watu wote 33 hupangwa kwa namba. Namba 32 na 33 hukutana kwanza wao kwa wao, na mshindi anapewa zawadi ya kupambana na namba 1. Mara nyingi hao wawili waliponea chupuchupu kwenye ligi zao, na kama uliwaona wakiponea, utajua kwa nini wanaingia mkekani wakitabasamu.