Galaksi Haiuzwi: Ufafanuzi kwa Wananchi wa Mtwara

Siku hizi sisi watazamaji wa anga tunapokea wananchi wenye vyeti vya kununua mtandaoni, vinavyodai kuipa galaksi (mkusanyiko mkubwa mno wa nyota) jina walilochagua, wakitaka tuwaonyeshe "galaksi yao". Wiki iliyopita mzee mmoja kutoka Mikindani alifungua bahasha mbele yangu: cheti ndani ya plastiki, jina la marehemu mkewe kwa wino wa dhahabu, chini yake namba NGC 3115.

Galaksi hiyo ipo. Mwanaastronomia William Herschel aliigundua akiwa Uingereza, tarehe 22 Februari 1787, akaiona kama ukungu mwembamba. Iko umbali wa takriban miaka-nuru milioni 32, yaani mwanga wake husafiri miaka milioni 32 kutufikia. Ni galaksi ya umbo la lenzi: ina sahani ya nyota kama galaksi yetu, ila haina mikono ya nyota iliyojipinda, na gesi ya kuzalisha nyota mpya imekaribia kwisha. Nyota zake nyingi ni kongwe. Sisi tunaiona kwa ubavu, ndiyo maana inafanana na pia ya kusokotea uzi.

Kulipia cheti si kusajili jina. Hili tumelisema mara nyingi, na bado watu wanalipa. Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, unaosimamia majina ya vitu vya angani, hauuzi majina. Galaksi hutambulika kwa namba za orodha. NGC ni orodha ya mwanaastronomia Dreyer ya mwaka 1888, yenye vitu 7,840. Kwa asteroidi, yaani miamba midogo inayolizunguka Jua, anayeigundua ndiye mwenye nafasi ya kupendekeza jina, tena kwa utaratibu: kwanza asteroidi hupewa alama ya muda, njia yake ya kulizunguka Jua ikishathibitika hupewa namba, hapo mgunduzi ana miaka 10 ya kupendekeza jina lisilozidi herufi 16. Jina la kibiashara halikubaliwi. La mwanasiasa au mwanajeshi husubiri miaka 100 baada ya kifo chake.

Sisi hatuna mamlaka ya kuthibitisha wala kufuta cheti cha muuzaji yeyote. Tunza risiti na ujumbe wa malipo, uwasilishe malalamiko polisi.

Kuitazama hakuna malipo. Mwezi wa Mei, mnamo saa 1 na nusu usiku, inapita karibu kabisa na utosi wetu. Chagua usiku usio na mbalamwezi, mbali na taa za mjini. Darubini ndogo inatosha.

Mzee yule nilimbakiza hadi giza likaingia. Aliinamia darubini muda mrefu, akauliza kama mwanga ule ulitoka huko kabla mkewe hajazaliwa. Nikamjibu: kabla ya binadamu yeyote. Akarudisha cheti kwenye bahasha, akainama tena.