Je, Wajua kwa Nini Kisasi cha Mauaji Hakifungi Hesabu?

Ndugu yako akiuawa, je, ni busara kulipiza kisasi?

Kwa miaka mingi niliamini, na wengi hapa Gulu, kaskazini mwa Uganda, bado wanaamini, kwamba kabla ya mahakama za Waingereza Waacholi, watu wa eneo hili, walijibu damu kwa damu tu, na kwamba mato oput, ile ibada ya kunywa maji machungu ya mizizi ya mti uitwao oput, ni msamaha wa bure. Nilikosea kote kuwili. Kisasi kilikuwepo, wala hakuna haja ya kukikana, lakini kando yake palikuwa na njia nyingine, na njia hiyo ilikuwa na gharama kubwa. Muuaji alipaswa kukiri. Wazee wasio wa upande wowote walikwenda na kurudi, pengine kwa miaka, na fidia ya damu, culo kwor, ililipwa na ukoo mzima. Hadi hapo koo hizo mbili hazikula pamoja, hazikunywa pamoja, wala hazikuoana. Zamani fidia iliweza kuwa msichana, ambaye mtoto wake angepewa jina la marehemu. Msichana huyo hakuulizwa, na hilo halifai kupambwa. Baadaye ikawa ng'ombe, kisha fedha.

Lakini kwa nini kuua aliyeua kusitoshe? Mwaka 2003 watafiti wa London waliwaweka watu wawili wawili wabonyezane vidole kwa zamu, kila mmoja akiagizwa kurudisha nguvu ileile aliyoipokea, bila kujua mwenzake ameagizwa nini. Nguvu ilipanda kila zamu, ingawa hakuna aliyekusudia kuzidisha, kwa sababu ubongo huihisi pungufu nguvu tunayoitoa wenyewe.

Wachukue majirani wawili wanaodaiana, kila mmoja na daftari lake. Alichochukuliwa hukiandika chote. Alichochukua yeye hukiandika kikiwa kimepungua kidogo, wala hadanganyi, kwani ndivyo alivyokiona. Kurasa zao za kwanza nazo hazina tarehe moja. Siku ambayo wa kwanza anafunga daftari akisema tumelipana, wa pili anafungua ukurasa mpya, kwa kuwa kijana aliyeuawa jana kama malipo ana mama yake, na kwa mama huyo hesabu inaanza jana.

Ni kweli kwamba kidole si kifo. Uchunguzi wa Uswisi wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba kumwadhibu aliyekudhulumu huamsha sehemu ya ubongo inayohusika na raha, na ule wa Marekani wa mwaka 2008 ukaonyesha kwamba walioadhibu waliendelea kumfikiria mkosaji na kujisikia vibaya kuliko walionyimwa nafasi hiyo, ingawa walitarajia nafuu. Hata hivyo, hiyo ilikuwa michezo ya fedha, na washiriki hawakuwa wafiwa. Singethubutu kumwambia mtu aliyetoka kuzika kwamba sayansi imemaliza suala lake.

Ninachoweza kumwonyesha ni kwamba mato oput hushughulikia yale madaftari mawili. Kabla ya kunywa, pande zote hukubali simulizi moja: nani aliua, vipi, na kwa nini. Kisha kondoo na mbuzi hukatwa nusu, nusu hizo zikabadilishwa, na wawakilishi wa koo hizo mbili hupiga magoti, mikono nyuma, vichwa vikikaribia kugusana, wakanywa kutoka kibuyu kimoja.

Mwaka 2007 makubaliano ya Juba kati ya serikali ya Uganda na waasi wa LRA (Lord's Resistance Army), waliopigana vita kaskazini mwa nchi, yaliitaja ibada hii kwa jina, pamoja na nyingine za Walango, Waiteso na Wamadi. Kikwazo kikajitokeza palepale: ibada humtaka muuaji mwenye jina na ukoo, ilhali familia nyingi za kaskazini hazijui hadi leo ni mkono wa nani uliomuua mtu wao porini, na kwa hiyo hazijui zipige magoti mbele ya nani.