“Kitaachia Tu” na Dhana Nyingine Potofu Kuhusu Viatu vya Safari

Kiatu cha safari hununuliwa vibaya kwa sababu moja kubwa: kinajaribiwa na mguu ambao haujatembea. Dukani umekaa kwenye stuli, nyayo zimepumzika, muuzaji anakutandikia kipande cha boksi usichafue soli, unapiga hatua nne tano, unatoa hela. Wiki ijayo mguu huohuo uko Istanbul, au Guangzhou unafuata mzigo, au unakata vichochoro vya Mji Mkongwe kutwa nzima. Umejaa, una jasho, na mgongoni kuna begi. Dhana nyingi kuhusu viatu vya kutembelea zinaanzia kwenye tofauti hiyo, na wauzaji, tuseme ukweli, hawana haraka ya kuturekebisha.

“Mimi navaa 42”

Navaa 42 ya nani? Namba za Ulaya zinapanda kwa theluthi mbili za sentimita, yaani kutoka 41 hadi 42 ni kama milimita 6.7. Za Uingereza zinapanda kwa theluthi moja ya inchi, karibu milimita 8.5. Hatua hizo haziwezi kulingana, ndiyo maana jedwali moja litakwambia UK 8 ni 42 na jingine likuambie ni 42.5. Wamarekani nao wana hesabu ya wanaume na hesabu ya wanawake. Isitoshe, namba ya Ulaya kwa kawaida inatokana na urefu wa kalibu, lile umbo ambalo kiatu hutengenezewa juu yake, si urefu wa mguu wako, na kila kiwanda kina kalibu zake. Kwa hiyo 42 ya kampuni hii inapwaya, ya ile inabana, na wewe ni yuleyule.

Namba yenye faida zaidi iko kwenye lebo ndogo chini ya ulimi wa kiatu. Tafuta palipoandikwa CM, au kwenye raba nyingi za China tarakimu tatu kama 265, ambazo ni milimita. Viwanda vingi huitumia kuonyesha urefu wa mguu ambao kiatu kimekusudiwa. Sasa pima wako. Fanya jioni, ukiwa umesimama juu ya karatasi na kisigino kimegusa ukuta, kisha weka alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Kwa baadhi ya watu hicho si kidole gumba, ni cha pili yake. Pima miguu yote miwili, maana ni nadra kulingana, na ununue kwa kufuata ule mkubwa. Ukishavaa na kusimama, mbele ya kidole kile ibaki nafasi ya kama sentimita moja.

Nafasi hiyo si anasa. Mteremkoni mguu unasukumwa mbele, na anayeshuka Kilimanjaro kutoka Uhuru, mita 5,895, mpaka geti la Mweka anateremka zaidi ya mita 4,000 kwenda chini. Kucha nyeusi wanazorudi nazo wapanda mlima wengi zimetokea kwenye kushuka, wala si kwenye kupanda.

“Kitaachia tu, dada’angu, hii ngozi”

Hapa kuna nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayouza. Ngozi laini inalegea kidogo kwa upana, hasa pale penye fundo la kidole gumba. Kwa urefu hairefuki. Raba za kitambaa cha sintetiki hazilegei kiasi cha kukuokoa. Kidole kinachogusa mbele leo kitagusa mbele huko uendako, tena kwa nguvu zaidi, kwa kuwa miguu hujaa kadiri siku inavyokwenda, joto linavyopanda, na baada ya saa nyingi za kukaa kwenye ndege au basi. Ukijaribu kiatu asubuhi na mapema umeujaribisha mguu wako mdogo. Nenda jioni, baada ya mizunguko, na soksi utakazosafiri nazo uwe nazo mfukoni badala ya kile kimfuko cha plastiki unachopewa uteleze nacho.

Kuna jaribio jingine ambalo wauzaji wengine hulinunia, na waache wanune. Toa ile soli nyepesi ya ndani, iweke sakafuni, isimamie. Nyama ya unyayo ikimwagika pembeni, kiatu hicho ni chembamba kwako hata kama urefu umekaa sawa. Waliokulia peku mara nyingi wana mguu mpana mbele, na viatu vya kike kwa kawaida hutengenezwa vyembamba kuliko vya kiume vya urefu uleule. Mwanamke mwenye mguu mpana hana sababu ya kuteseka. Avuke upande wa pili wa duka akajaribu vya kiume. Rangi atakazokuta ni nyeusi, kijivu, na nyeusi nyingine.

“Laini ndiyo raha”

Mteja anabonyeza soli kwa kidole, inabonyea, anatabasamu. Lakini soli inayobonyea kirahisi hivyo inamezwa na uzito wa mwili, na baada ya saa mbili unakuwa kama unayetembea kwenye mchanga mkavu wa ufukweni: kila hatua misuli inafanya kazi ya ziada kukutuliza. Kiatu cha kutembea kutwa kinatakiwa kuwa na ugumu mahali pake. Kikamate ncha na kisigino, ukikunje. Kikunjike pale vidole vinapoanzia, si katikati ya unyayo. Kisokote kama unavyokamua nguo, kikatae kidogo. Nyuma kishike kisigino kisipande na kushuka, kwa sababu msuguano huo pamoja na jasho ndio unaoleta malengelenge.

Hapohapo niseme neno kuhusu soksi. Pamba tupu inanyonya jasho na kulishikilia. Za sufu nyepesi au mchanganyiko wa sintetiki, zile za wanamichezo, zinakausha mguu vizuri zaidi. Na mwenye nyayo bapa asitishwe na mtu anayetaka kumuuzia kiatu cha pekee: kama haumwi, hana ugonjwa.

“Mtumba grade A unashinda wa dukani”

Ukienda Karume Dar es Salaam, Gikomba Nairobi au Memorial pale Moshi, utasikia hoja hii ikitetewa kwa moyo wote, na si ya kubezwa. Buti orijino lililovaliwa kidogo linaweza kulishinda feki jipya linalonukia gundi. Tatizo ni kwamba tunakagua sehemu zisizo na hatia. Ngozi inasafishwa na kupigwa rangi, kamba zinabadilishwa, soli ya chini bado ina meno. Kinachokufa kwanza ni povu la katikati, baina ya soli na mguu, na halionekani ukiwa umekitazama kiatu kwa juu.

Povu hilo huchoka kwa namna mbili. Kwenye raba nyingi linajikandamiza: tazama ubavuni kama kuna mikunjo ya kudumu kisiginoni, kisha bonyeza uone kama linarudi. Namna ya pili ina hila zaidi. Buti nyingi za mlimani zina povu la poliurethani, na poliurethani huvunjwavunjwa na unyevu wa hewani miaka inavyopita, hata kiatu kikiwa kimelala ndani ya boksi lake. Buti linaonekana jipya kabisa, halafu siku ya kwanza ya mwendo mrefu soli inabanduka nzima. Yanawakuta hata wageni waliolihifadhi buti lao kwa heshima zote kabatini. Likunje kwa nguvu, choma povu kwa ukucha. Likinata au likitoa ungaunga, rudisha.

Mambo mawili zaidi hapo sokoni. Liweke buti juu ya meza ulitazame kwa nyuma. Likilalia upande, lina mwendo wa mwenyewe wa kwanza na litakulazimisha uufuate. Na mara nyingi unaonyeshwa mguu mmoja uliotundikwa, mwenzake uko ndani ya kiroba. Usikubali bei kabla hujavaa yote miwili, ukaangalia ukingoni kama kuna gundi mpya.

“Kisichopitisha maji ni salama zaidi”

Kwa baridi ya Ulaya mwezi wa Januari, sawa. Kwa masika ya pwani, maji yakishaingia kwa juu yanachelewa kutoka, na unatembea ndani ya bwawa lako mwenyewe. Raba yenye matundu italowa upesi na kukauka upesi.

“Ndara hazihitaji kuzoeshwa”

Dhana hii inawaumiza sana wanaokwenda umra na hija. Mwanaume aliye katika ihramu, yaani hali na vazi la ibada hiyo, havai kiatu kinachofunika kifundo cha mguu, kwa hiyo ndara zinanunuliwa siku za mwisho pamoja na vitu vidogovidogo, bila kupimwa. Halafu kuna tawafu, yaani kuizunguka Kaaba, kuna sa’i, ule mwendo wa mara saba baina ya Safa na Marwa ambayo peke yake inapita kilomita tatu, kuna kutoka hotelini na kurudi kwa kila swala. Kamba mpya ya ndara inachubua kati ya vidole kabla ya siku ya pili. Zivaliwe nyumbani kila siku kwa wiki kadhaa, ngozi izoee.

Mzee mwenye kisukari ni suala jingine kabisa. Miguu yake inaweza kuwa na ganzi, asisikie kubanwa wala kuchubuka, na kuuliza “kinabana?” hakusaidii kitu. Apimwe kwa karatasi, akaguliwe nyayo kila jioni na mtu anayeona vizuri, na habari ya kutembea peku kwenye marumaru aizungumze na daktari wake na kiongozi wa msafara kabla ya kuondoka.

“Kikinisumbua nitarudisha”

Kibao cha “mali ikiuzwa hairudishwi” kipo juu ya kaunta, tena kwa herufi kubwa. Hata hivyo wapo wenye maduka wanaokubali kubadilisha saizi iwapo soli haijagusa barabara. Hapo una nafasi ya kukivaa nyumbani saa mbili tatu, kwenye zulia au mkeka, ukipika na kupanda ngazi. Muulize kabla hujatoa hela, na akikubali aandike nyuma ya risiti.