Fremu na ofisi za Tanga mjini: maneno ya kijiweni na hali yenyewe

Kaa kijiwe chochote cha kahawa Ngamiani jioni, hukosi mtu wa kukwambia mjini kumekufa, biashara yote imehamia kwenye simu. Pembeni yake yupo mwingine anakwambia kamata fremu ya duka sasa hivi kabla bomba la mafuta halijaanza. Wote wanaongea kwa uhakika kweli, na yoyote utakayemsikiliza anaweza kukutia hasara.

"Mjini kumekufa." Kilichokufa ni ule mji wa mkonge. Miaka ya katikati ya 60 nchi hii ilikuwa inatoa tani zaidi ya laki mbili kwa mwaka na Tanga ndo ilikuwa kitovu chake, halafu kamba za nailoni zikaingia, bei ikaporomoka, mashamba mengi yakataifishwa, na wale wenye ofisi kubwa kubwa za ghorofani wakaondoka mmoja mmoja. Ila panda ngazi za jengo lolote la zamani pale mitaa ya kati uone. Mlango wa kwanza wakala wa forodha, wa pili fundi cherehani, wa tatu dogo anaediti video za harusi na feni inamlilia kichwani, na ukiangalia vizuri ni chumba kimoja tu cha zamani kimekatwa na plaiwudi mara tatu, dirisha limebaki upande mmoja. Yaani wapangaji wapo, ila ni wadogo na ni wengi, na wanalipa kwa miezi. Mwenye jengo anayesubiri kampuni moja ije ichukue ghorofa nzima ndo huyo anakwambia mji umekufa.

"Majengo ya mjini yote ni ya Wahindi, ukitaka fremu malizana na Mhindi." Hii imepitwa na wakati kitambo. Mwaka 1971 ilipita sheria ya kutwaa majengo, nyumba za kupangisha zilizozidi thamani ya shilingi 100,000 zikachukuliwa na serikali, zikawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa hiyo yule anayekuonyesha fremu na funguo mkononi, awe Mhindi, Mdigo au Mpare, inawezekana kabisa naye ni mpangaji tu wa shirika.

Na hapa ndo watu wanalia, maana kuna mambo ya kilemba, ile hela ya kuachiwa fremu. Mpangaji anayetoka anakwambia nipe kilemba nikuachie fremu, sehemu imeshazoeleka, wateja wapo. Watu wanadhani ukishatoa kilemba umenunua haki ya kukaa pale. Hujanunua kitu wakuu! Kilemba ni makubaliano yako na yeye, mwenye jengo hayumo, na mikataba ya shirika kwa kawaida inakataza mpangaji kupangisha mtu mwingine kienyeji. Ikija ukaguzi jina la kwenye mkataba si lako, unatolewa na rafu zako, na aliyekula kilemba saa hizo yuko Korogwe simu haipokei. Kabla hujatoa hata mia, omba uone mkataba wake na mwenye jengo. Akianza kuzunguka zunguka, jibu umeshapata.

"Makubaliano ya mdomo hayana nguvu." Nusu kweli. Sheria ya Ardhi ya 1999 inaruhusu upangaji wa mwaka mmoja au chini ya hapo ufanyike hata kwa mdomo, lakini ukizidi hapo lazima maandishi. Tena leseni ya biashara huko halmashauri wataulizia mkataba wa pango, sasa mdomo utaupigaje photokopi?

Kuhusu bomba. Ni la kweli, kilomita 1,443 kutoka Hoima Uganda mpaka Chongoleani hapa Tanga, na wakati wa ujenzi watu wamekula. Shida ni hesabu ya baadaye. Kujenga bomba kunataka watu wengi, kuliendesha kunataka wachache, na mafuta yenyewe yanatoka kwenye matenki Chongoleani yanaingia melini, hayapiti Barabara ya Uhuru kununua soda. Mimi ningeangalia zaidi bandari, kwa sababu wameongeza kina mpaka meli kubwa zinafunga gatini kabisa, na kila kontena lina karatasi zake, na karatasi zinataka wakala, wakala anataka meza mjini.

Halafu kuna wanaosema ofisi zinaisha duniani, kila mtu atafanyia kazi nyumbani. Ni kweli San Francisco baada ya korona zaidi ya robo ya ofisi zilibaki tupu. Ila kule wafanyakazi wengi ni wa kompyuta na nyumbani wana chumba cha kukaa kimya. Huku nyumbani ni vyumba viwili, watoto wanne, na mteja anataka akuone uso kabla hajatoa hela. Wengine wameshaanza wazo la ofisi za kushea, unapanga sakafu nzima unakodisha meza kwa siku. Wazo zuri, ila kumbukeni WeWork, kampuni ya Marekani ya hizo hizo ofisi za kushea, mwaka 2019 ilithaminiwa dola bilioni 47, mwaka 2023 ikaomba kinga ya kufilisika. Walipanga kwa mikataba ya miaka mingi, wakapangisha kwa mwezi mwezi, wateja walivyopungua kodi ya jengo haikupungua. Na sisi Tanga ndo waja leo waondoka leo, sasa we mwenye meza ishirini jipange.

La mwisho, kodi. Ukipanga kwa ajili ya biashara, kuna asilimia 10 ya kodi ya zuio unakata kwenye pango unapeleka TRA, mamlaka ya mapato, halafu mwenye nyumba unampa hati yake. Si ya kwako, ni ya kwake, hata akikunja uso. Na ile kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, nayo ni ya mwenye jengo, kwa hiyo kama mita iko kwenye fremu yako weka risiti za umeme, mwisho wa mwaka mkae mkatane kwenye pango.