Testosteroni ya sindano, tembe za kuzuia estrojeni, na yale panya wa maabara wametuonyesha kuhusu ubongo

Tangu tuanze kampeni ya elimu ya kupinga dawa zilizokatazwa michezoni, kwa wanariadha na vijana wa jimu, swali ni lile lile kila mkutano. Ati testosteroni si ni homoni ya mwili wenyewe, ubaya wake uko wapi, na ukiona kifua kinavimba si unameza zile tembe za kuzuia estrojeni (homoni ya kike) wanazouziana kwa simu mambo yanaisha. Nimesikia mpaka kocha mzima akisema korodani ndio zinaamua kila kitu. Hapana jamani. Korodani zinapokea amri, amri inatoka kichwani, na huko kichwani kuna vimeng'enya, yaani protini zinazobadilisha kemikali moja kuwa nyingine, vinavyoamua ubongo usikie nini kutoka kwenye damu. Mengi ya haya tumeyajua kupitia panya, na wale wanaosema "panya hawatuhusu" naomba wasome mpaka mwisho kabla ya kubishana.

Chukua panya jike. Mzunguko wake ni siku 4 au 5 tu, ndio maana watafiti wanampenda. Kila asubuhi mtu wa maabara anavuta ute kidogo wa ukeni kwa maji ya chumvi, anaudondosha kwenye kioo, anauweka chini ya hadubini. Akiona seli za duara zenye kiini anajua yai litatoka usiku wa leo. Akiona magamba makavu yasiyo na kiini, limeshatoka. Akiona chembe nyeupe za damu zimejaa, bado sana. Sasa mwaka 1950 kule Marekani, Everett na Sawyer waliwachukua panya wa ile siku ya seli za duara wakawapa dawa ya usingizi kabla ya saa nane mchana, na yai halikutoka. Waliopewa baada ya saa kumi, yai lilitoka kama kawaida. Na wale waliozuiwa hawakuchelewa ovyo ovyo, walichelewa siku moja, yaani mchana wa kesho yake saa zile zile ndipo mwili ukajaribu tena. Ovari ilikuwa tayari kabisa. Kilichokosekana ni ubongo kuwa macho saa ya kutoa amri.

Ubongo unajuaje kwamba homoni zimefika kiwango? Hapo ndo vimeng'enya vinaingia. Cha kwanza ni aromatesi. Hiki kinaichukua testosteroni kinaigeuza kuwa estradioli, ambayo ni estrojeni, na kinaifanya kazi hiyo ndani ya ubongo wenyewe, sana sana kwenye haipothalamasi (sehemu ya chini ya ubongo inayosimamia homoni), eneo la mbele yake na amigdala, sehemu ya hisia. Frederick Naftolin na wenzake walionyesha hili miaka ya 1970. Kwa hiyo dume ana estrojeni kichwani mwake, anaihitaji, na ni mojawapo ya ishara ambazo ubongo wake unazitumia kupima kama korodani zimefanya kazi ya kutosha. Cha pili ni 5-alfa-redaktesi, kinaigeuza testosteroni kuwa DHT, homoni nyingine ya kiume ambayo haiwezi tena kuwa estrojeni. Kuna na vile vya kukata protini, na hivi watu huvisahau kabisa. GnRH, ile kemikali ya amri inayoshuka kutoka haipothalamasi kwenda tezi ya pituitari, ni mnyororo wa amino asidi 10 tu (Schally na Guillemin waliipatia umbo lake, wakawa kati ya washindi wa Nobel ya mwaka 1977), na vimeng'enya vinaikatakata ndani ya dakika chache. Ni lazima ikatwe, kwa sababu pituitari inataka amri ije kwa mapigo, pigo halafu kimya, pigo halafu kimya. Ukiimwaga mfululizo bila kupumzika pituitari inaacha kuitika na LH, ile homoni yake inayopeleka amri kwenye korodani na ovari, inashuka. Knobil alilionyesha hilo kwa nyani mwaka 1978 na leo madaktari wanatumia mbinu hiyo hiyo kushusha testosteroni kwa wagonjwa wa saratani ya tezi dume.

Rudi kwa panya dume. Mtoe korodani, LH inapanda juu kwa sababu ubongo hauoni homoni ikirudi. Mrudishie testosteroni, LH inashuka. Ni kama mwenye duka, akikuta stoo imejaa haagizi mzigo mwingine, na hajali nani ameujaza. Ukizuia aromatesi, sehemu ya breki inayoshusha LH inalegea kwa sababu ubongo haupati ile estradioli ya kupimia.

Na kuna jaribio moja ambalo ningependa kila mzazi wa mwanariadha mdogo alijue. Mwaka 1961 Barraclough alimdunga panya jike wa siku 5 testosteroni ya miligramu 1.25, sindano moja tu. Alipokua hakutoa mayai. Baadaye ikaonekana estradioli inafanya vile vile ila DHT haifanyi, kwa hiyo aliyekuwa anabadilisha ubongo ni estrojeni iliyotengenezwa humo humo na aromatesi. Panya jike wa kawaida haathiriki na estrojeni ya mama yake kwa kuwa damu yake changa ina protini iitwayo alfa-fetoprotini inayoishikilia isifike kwenye ubongo.

Sisemi binadamu ni panya. Kwa binadamu jinsi ubongo wa mtoto unavyojengwa ni tofauti, na hatuwezi kubeba lile jaribio la sindano moja tukalibandika kwa watoto wetu. Lakini kwenye ile habari ya ubongo kupima na kuzima, tunafanana sana. Wapo wanaume wachache waliozaliwa bila aromatesi inayofanya kazi, madaktari waliwaeleza miaka ya 1990, LH ya baadhi yao ilikuwa juu hata testosteroni ikiwa tele, na mifupa yao ni dhaifu. Soma tena hapo kwenye mifupa, wewe mkimbiaji unayemeza letrozoli, moja ya zile tembe za kuzuia estrojeni kwa kuzuia aromatesi, bila daktari. Na mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya wanaume wazima wenye afya waliodungwa miligramu 200 za testosteroni kila wiki, zaidi ya nusu hawakuwa na mbegu hata moja ndani ya miezi 6. Ilikuwa inajaribiwa kama njia ya uzazi wa mpango! Kijana anatumia dozi kubwa kuliko hiyo halafu ananiuliza kwa nini mke hashiki mimba.

Sasa upande wa sheria za kupinga dawa michezoni, na hapa niende polepole maana ndipo simu zinapokuwa nyingi. Testosteroni ni marufuku wakati wote, kwenye mashindano na nje ya mashindano. Adhabu inaanzia miaka 4, na ukithibitisha haikuwa kusudi inaweza kushuka hadi 2. Vizuia aromatesi kama letrozoli na anastrozoli navyo ni marufuku wakati wote, kwa wanaume na wanawake. Hapo ni miaka 2, na tukithibitisha ulikusudia inakuwa 4. Kilichopatikana mwilini mwako ni chako, "nilipewa na rafiki" haifuti kosa. Afisa wa kuchukua sampuli akikufikia hutakiwi kutoka machoni pake. Utachagua chombo mwenyewe, utatoa mkojo mbele ya shahidi wa jinsia yako, usiopungua mililita 90, kisha unagawa wewe mwenyewe kwenye chupa A na B na kuzifunga. Ukitoa kidogo kinafungwa, unasubiri, unaongeza. Sampuli inaweza kuhifadhiwa na kupimwa tena hadi miaka 10. Na msidanganyane kwamba testosteroni ya dukani haitofautishwi na ya mwili, maabara inapima aina za kaboni ndani yake, na ile ya kiwandani inayotokana na mimea huwa na uwiano wake tofauti. Walio kwenye orodha ya kupimwa wanataja saa 1 ya kila siku ambayo watapatikana, na kukosekana au kukosea taarifa hizo mara 3 ndani ya miezi 12 ni hadi miaka 2 nje hata kama mkojo wako ni safi kama maji.

Dada zetu walioandikiwa letrozoli ili yai litoke, au wanaotibiwa saratani ya matiti, msiache dawa kwa kuogopa sisi. Kipo kibali cha kutumia dawa kwa matibabu. Daktari anajaza fomu, anaambatanisha vipimo na historia ya ugonjwa, unaleta kabla ya kuanza dawa, na kama kuna mashindano angalau siku 30 kabla. Faili likikamilika jibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 21. Likikosa vipimo linarudishwa na siku zinaanza kuhesabiwa upya, kwa hiyo kagueni karatasi za daktari kabla hamjazituma.