Viashiria vya damu vya kifafa: vinasema nini, na kwa muda gani

Mtu ameanguka, mwili umekakamaa, mikono na miguu inarushwarushwa, kisha anatulia na hajui lililompata. Walioshuhudia watasema ni kifafa. Huenda ni kweli. Huenda pia amezimia kwa sababu presha imeshuka ghafla na ubongo ukakosa damu kwa sekunde chache, maana hata anayezimia anaweza kutikisika. Na kuna tukio la tatu, lenye chanzo cha kisaikolojia: mwili unatikisika vilevile, lakini ubongoni hakuna ule mlipuko wa umeme unaoleta kifafa.

Daktari anayempokea mgonjwa mara nyingi amekuta yote yamekwisha. Ndiyo maana watafiti wakatafuta kama damu inabaki na dalili. Kitu chochote katika damu ambacho kiwango chake hupanda baada ya kifafa, na hakipandi baada ya tukio linalofanana nacho, huitwa kiashiria.

Kinachojulikana zaidi ni prolaktini, homoni ileile inayowezesha mama kutoa maziwa. Hutengenezwa na tezi ya pituitari chini ya ubongo, na muda wote ubongo huizuia isimwagike kwa wingi, kwa kutumia dopamini, kemikali ya ubongo inayopeleka ujumbe. Umeme wa kifafa ukisambaa hadi sehemu inayoiongoza tezi hiyo, kizuizi hulegea na prolaktini hupanda. Daktari Michael Trimble alionyesha jambo hili Uingereza mwaka 1978: baada ya kifafa cha mwili mzima homoni ilipanda, baada ya matukio ya kisaikolojia haikupanda. Mwaka 2005 chama cha madaktari wa mishipa ya fahamu cha Marekani kilipitia tafiti zilizokuwepo kikakubali kwamba kipimo hiki kinasaidia kwa watu wazima na watoto wakubwa, kwa masharti.

Sharti la kwanza ni muda. Damu ichukuliwe dakika 10 hadi 20 baada ya tukio, kisha ichukuliwe tena baada ya saa sita au zaidi kupita, ili mgonjwa alinganishwe na kiwango chake mwenyewe. Kikiwa kimepanda mara mbili au zaidi, kifafa kinaelekea kuwa ndicho. Kwa mgonjwa aliyebebwa kwa bodaboda kutoka kijijini, dakika hizo zimekwisha kabla hajafika getini, na majibu ya kawaida hapo hayana maana yoyote.

Lipo jambo linalosahaulika mno: prolaktini hupanda pia baada ya kuzimia. Kwa hiyo kipimo hiki hakitenganishi kifafa na kuzimia. Kinatenganisha kifafa na tukio la kisaikolojia tu. Mjamzito, mama anayenyonyesha na mtu anayetumia haloperidoli (dawa ya magonjwa ya akili) au metoklopramidi (dawa ya kuzuia kutapika) wana prolaktini ya juu hata bila kuanguka. Na kifafa cha kuduwaa, kile cha mtoto anayekatika mawazo kwa sekunde kadhaa, hakiipandishi.

Kiashiria kingine ni laktati, na chenyewe hupanda kwa njia nyingine. Misuli inayokaza kwa nguvu bila hewa ya kutosha huizalisha kwa wingi, na baada ya kifafa cha mwili mzima hupanda ndani ya dakika chache na kushuka katika saa moja au mbili. Kwa kuwa kuzimia kwa kawaida hakuchoshi misuli kiasi hicho, inasaidia pale prolaktini inaposhindwa. Kwa anayechelewa kufika kuna kimeng'enya cha misuli kiitwacho kreatini kinasi, ambacho hupanda polepole na kubaki juu kwa siku kadhaa. Lakini jeraha la kuanguka, sindano ya msulini na kazi nzito pia hukipandisha.

Kabla ya vyote hivi, tone la kwanza la damu lipimwe sukari, na penye malaria ipimwe malaria. Sukari iliyoshuka na malaria huanza kutibiwa saa hiyohiyo, na kutoyagundua kunaweza kuua.

Hakuna kiashiria kinachotosha peke yake. Kipimo kinachoaminika zaidi ni EEG inayorekodi umeme wa ubongo pamoja na video wakati tukio linatokea, na hicho hospitali nyingi za kwetu hazina. Kwa hiyo kosa linatokea pande zote mbili: mwenye kifafa anaambiwa amepandwa na mashetani, na asiye nacho anameza fenobabitali, dawa ya kifafa, miaka na miaka bila nafuu. Huyu wa pili hajifanyi. Hakuchagua kuanguka, na tiba yake ya mazungumzo na mtaalamu wa saikolojia ipo.

Ukiwa karibu na mtu aliyeanguka, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, kisha tazama saa. Andika tukio lilipoanza na lilipoisha, na kama macho yalikuwa wazi au yamefumbwa, kwa kuwa kwenye kifafa mara nyingi huwa wazi. Ukiweza, mrekodi kwa simu, na video hiyo aione daktari peke yake.