Jua likipatwa halitoi sumu

"Daktari, siku hiyo watoto tuwafungie ndani?" Wiki iliyopita nimeulizwa tena, safari hii na mwalimu mkuu. Agosti 2, 2027 Jua litafunikwa lote kule Luxor, Misri, na Makka, na huku kwetu litamegwa kipande. Bora nijibu mapema.

Dhana: Jua likipatwa hutoa miale ya sumu

Hapana. Mwezi unapita mbele ya Jua, basi. Mwanga ni uleule wa jana, tena umepungua. Hauharibu chakula wala haumdhuru mjamzito. Hatari ni kulikodolea macho. Siku zote ukali wake hukulazimisha ufumbe. Likimegwa, unatazama kwa raha huku kipande kilichobaki kikiunguza retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Retina haisikii maumivu, kwa hiyo anayejisifu "mbona sikuumia" huja kugundua saa kadhaa baadaye, akiona doa katikati ya kila anachokitazama. Miwani ya jua ya dukani, hata iwe nyeusi ti, haifai. Picha ya eksirei pia haifai.

Septemba 1, 2016 tulikuwa Rujewa, Mbarali, karibu saa sita mchana. Jua lilibaki pete. Chini ya mti, kila upenyo wa majani ulichora pete yake vumbini, mamia kwa mamia. Mtoto aliyefungiwa darasani amenyimwa hayo, na hilo ndilo linaloniudhi. Toboeni karatasi ngumu kwa pini, lipeni Jua mgongo, mwanga upite tunduni uangukie karatasi ya pili. Mimi naipenda njia hii kuliko miwani yoyote.

Dhana: usiku wa leo zima simu, miale ya angani inapita

Ujumbe huu hauchoki kusambazwa. Dhoruba kubwa ya Jua, yaani mlipuko wa chembe za umeme zinazorushwa na Jua, ya Mei 10, 2024 ilipita tukipigiana simu kama kawaida. Intaneti ilipokatika Mei 12, ni nyaya za baharini zilizokatika. Dhoruba husumbua redio za masafa mafupi, GPS na gridi za umeme, kama ilivyozima umeme Quebec, Kanada, mwaka 1989.

Dhana: Januari Dar kuna joto kwa kuwa Jua limesogea

Dunia huwa karibu zaidi na Jua kweli: kilomita milioni 147, dhidi ya milioni 152 za Julai. Lakini London nako ni karibu vilevile, na wanavaa makoti. Tofauti ni pembe: mchana wa Januari, Dar, Jua linakaribia utosi.